Mpira wa Fundi

9 Februari

Kaka,

Shikamoo. Itikia hata kama uko peke yako chumbani, maana Shangazi anasema shikamoo isiyoitikiwa humrudia mwenyewe ikiwa nzito zaidi.

Huku tupo. Mama ana mapazia ya hoteli nzima ya kushona, nyumba imejaa vitambaa mpaka paka hajui pa kulala. Shangazi alikuja kukaa wiki moja kumsaidia Mama, akaja na masufuria yake mwenyewe, nikajua hiyo wiki ina miguu mirefu. Anapiga deki asubuhi, anapiga deki jioni. Jana kipande cha sabuni kilimdondoka, akakiosha kwa sabuni nyingine. Sitanii.

Mimi bado wananiita Kimya, lile jina ulilonipa wewe. Siku hizi hata mwalimu wa kemia ananiita hivyo. Ndiyo maana naandika. Nikishika simu ulimi unakuwa mzito kama kiatu kilicholowa, wewe unasema "haloo, haloo", nami nakata. Wale uliodhani wamekosea namba, baadhi yao ni mimi. Honi, dereva wenu wa lori, kakubali kunibebea barua kila akipita huku na mizigo yenu ya nyasi. Anasema hatoi risiti.

Baba anapumzika.

Sasa jambo lenyewe. Grini ya nyuma ya nyumba imekufa. Unakumbuka Baba alivyoipanda mwenyewe alipostaafu klabu ya gofu, kipande kilekile cha nyasi fupi zenye shimo kama za kule alikokuwa fundi. Kila asubuhi alikuwa anaikata, anahamisha shimo, anagonga mpira mmoja wa gofu ndipo anakuja kunywa chai. "Mpira wa fundi." Klabuni ilikuwa sheria: aliyetengeneza grini ndiye anayegonga wa kwanza, na mwenyekiti asubiri pembeni na viatu vyake vinavyong'aa. Sasa hakuna wa kuikata. Magugu yamefika magotini, na Baba kahamishia kiti chake dirishani, anayatazama tu. Ni kama anamwona mtu wake akitukanwa barabarani naye hana sauti ya kumtetea.

Nimefikiria nyasi bandia, hizo mnazotandika huko. Najua Baba alichokuambia siku unaondoka, nilikuwa nyuma ya mlango. Lakini nataka Baba agonge mpira wake tena. Nataka hilo tu. Nimesoma kwenye kompyuta ya shule, kwa ile lugha yetu nyingine, kwamba nyasi zenyewe si kitu, kazi yote inafanywa na kijazio. Hilo neno nimelitafsiri mwenyewe: kile kinachomwagwa katikati ya majani ya plastiki ili yasimame na mpira ubiringike. Wengine wanasema mchanga, wengine matairi yaliyosagwa, wanagombana kama wakwe. Tuchague kipi?

Mdogo wako,
Kimya


2 Machi

Kimya,

Marahaba. Nimeitikia kwa sauti mpaka jirani kagonga ukuta. Nyingine mpe Shangazi, ila aioshe kwanza.

Mimi mzima. Tunatandika uwanja wa shule moja, jua linapochoma zulia ukilikanyaga peku unacheza ngoma usiyoijua. Chumba changu kiko juu ya karakana ya magari, hata ndoto zangu zinanuka grisi. Mama akinipigia anasema wote wazima, Baba anapumzika. Wewe nawe umeandika Baba anapumzika. Mna mwalimu mmoja?

Haya, kijazio. Neno lako zuri, nimewafundisha wenzangu kazini. Kinayashika majani yasilale, kinalilaza zulia lisijikunje, na ndicho mpira unachokipitia. Matairi yaliyosagwa ni ya viwanja vya kandanda, mtu akianguka asichubuke. Mpira wa gofu ukipita hapo unarukaruka kama panzi. Kuna mchanga uliopakwa rangi ya kijani, hauna vumbi, unapendeza kwenye picha. Na kuna mchanga mtupu, mkavu, wa punje za mviringo. Usije ukachota ule wa kujengea, ule una kona, unakata majani na mvua moja tu unashikana kama ukuta.

Nimekuwekea kidogo cha kila kimoja, mifuko hiyo mitatu. Usiseme imetoka kwangu.

Lakini fundi haanzi na kijazio, anaanza na mtu. Nani atakuwa anatumia hiyo grini? Mtoto? Mgeni wa mchezo? Mwenye mkono mzito? Niambie ni nani, nitakuambia ni kipi.

Kaka yako


25 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole na hiyo ngoma ya peku.

Mapazia yamekwisha. Mteja kalalamika kwamba yana manyoya ya paka, Mama akamjibu kuwa hiyo ni nakshi na hakuongeza bei. Mimi nimepata alama nzuri kwenye insha ya lugha ile nyingine, na mbaya kwenye ya lugha yetu. Mwalimu kaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Unaficha mambo."

Mifuko yako niliisukumia chini ya kitanda. Unadhani chini ya kitanda ni mafichoni kwenye nyumba aliyomo Shangazi? Kaivuta kwa ufagio, kaibeba kwa ncha za vidole mpaka mezani mbele ya Baba. "Mwanao anafuga mavumbi," akasema. "Watu wanafuga kuku."

Baba akafungua wa matairi, akanusa. "Huu umekimbia sana barabarani. Uacheni upumzike." Akafungua wa rangi, akauinua kwenye mwanga. "Na huyu kajipaka rangi ya mdomo, anakwenda wapi?" Shangazi akadakia, "Afadhali huyo, ameoga."

Wa tatu hakuufanyia mzaha. Aliumimina kiganjani, akafumba mkono, akafumbua, mchanga ukamwagika wote katikati ya vidole bila kubaki punje. Akarudia. Unazijua zile nyufa za kiganja chake, ambamo udongo haukutoka hata kwa brashi? Hata humo haukubaki.

"Nani kauleta?"

Nikasema wa dukani.

"Dukani hawajui mchanga hivi. Huu kauchagua mtu."

Basi nikamwambia ni wa nini. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa nimeshajipanga kulia, kabisa, nilikuwa na leso. Aliutazama uwanja wa magugu, akasema, "Mwulize huyo wa dukani, majani yake yana urefu gani."

Umeuliza atakayetumia. Ni mtu asiyeweza kugonga kwa nguvu. Akiugusa tu, mpira uende. Usiniulize zaidi.

Kimya


14 Aprili

Kimya,

Wa dukani anasalimu. Alicheka peke yake juu ya lori mpaka Honi akamuuliza kama amekula.

Majani yawe mafupi, yasizidi unene wa kidole gumba. Mchanga ujazwe mpaka zibaki ncha tu, kama ndevu za mtu aliyenyoa juzi. Hapo mpira haukanyagi majani, unapita juu ya mchanga, na mkono dhaifu unatosha. Ukibania mchanga, majani yanalala na mpira unachoka njiani. Kwa hiyo ni mchanga mtupu. Kachagua sawa.

Ulikuwa nyuma ya mlango, basi ulisikia. "Nimekulea kwenye nyasi hai, unakwenda kutandika maiti." Lakini mlango haukukuonyesha kwamba kabla ya kusema hivyo aliushika mkono wangu akaziangalia kucha, moja baada ya nyingine. Zilikuwa bado na udongo wa grini yake. Sasa ni safi, Kimya. Kazi hii haina udongo. Nikikaa kwenye basi nawatazama watu kama wanatazama mikono yangu, na hakuna anayeitazama.

Siwezi kuja. Uwanja wa shule lazima uishe kabla ya mashindano. Zulia na magunia ya mchanga yatakuja na Honi, ni masalio ya kazi, bosi kasema chukua. Ng'oeni magugu, shindilieni kokoto laini, Honi anajua kutandika ukimpa chai yenye sukari ya kutosha.

Kitu kimoja. Shimo. Kwenye nyasi hai unalihamisha kila siku ili nyasi zipumzike pale watu walipokanyaga. Hii haichoki, kwa hiyo shimo likishakatwa limekatwa, kikombe chake kinafukiwa humo kwenye kokoto. Mwulize anataka liwe wapi. Mwulize kama vile swali ni lako.

Kaka yako


20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Najua Honi amepita huku na kurudi mikono mitupu. Hatukuwa nyumbani, tulikuwa na safari za mjini, mambo ya vipimo, foleni tu, foleni ndefu. Mama amepata kazi ya sare za shule. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vifungo, Shangazi kawaosha watoto wote, mama yao hakuwatambua kwa muda.

Magugu tumeng'oa mimi na Shangazi. Baba alikuwa anatuelekeza kwa dirisha, hapo, hapo, mzizi huo, usiuchekee.

Nilimwuliza la shimo. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Shimo lisilohama," akasema. "Miaka yote nimelihamisha ili pasichoke mahali pamoja. Sasa mwanangu ananiambia pamepatikana mahali pasipochoka." Kaka, alisema *mwanangu*. Mimi ni mwanawe pia, lakini hakuwa ananitazama mimi. Akasema atafikiri. Sasa kila siku anafikiri. Nikimletea chai ananionyesha kwa kidole: pale. Nikirudi kuchukua kikombe: hapana, si pale.

Nina swali la kijazio. Tuseme, tuseme tu, kuna kitu chenye magurudumu kinapita juu ya nyasi. Si gari. Chembamba. Mchanga utakubali, au magurudumu yatazama?

Nijibu upesi.

Kimya


8 Juni

Kimya,

Nimeisoma barua yako juu ya uzio wa uwanja wakati wenzangu wanakula. Sikula.

Ni kiti?

Mchanga utakubali. Ukijazwa vizuri na kushindiliwa unakuwa mgumu, kiti kitapita bila kuzama. Matairi ndiyo yangezama, ingekuwa kama kusukuma kwenye godoro. Lakini majani yatalala pale magurudumu yalipopita, na mchanga utasogea kidogo, utaona mistari miwili. Mpira ukikutana na mstari unapinda. Kila baada ya kiti kupita, chukua brashi ngumu, piga kinyume na majani yanakoelekea, mistari itafutika.

Nimemaliza ya magurudumu.

Jana nilimpigia Mama. Kasema anapumzika. Nikasema nipe nizungumze naye, akasema amelala. Mchana, Kimya. Baba alikuwa anasema kulala mchana ni kazi ya mbuzi. Nakuomba unijibu. Kama huwezi kueleza, nipe neno moja tu.

Mzigo uko njiani na Honi.

Kaka yako


3 Julai

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za paka.

Zulia lilifika, Honi kalitandika, kanywa chai ya sukari ya mwezi mzima. Alipoondoka ikabaki kazi ya mchanga. Nikaenda shule nikimwachia Shangazi agizo: usiguse, nikirudi tutamwaga pamoja. Narudi namkuta nyuma ya nyumba, sketi kaikunja, beseni zimejipanga, anauosha mchanga. Gunia baada ya gunia, kama mtu anayeosha mchele wa harusi, maji ya kwanza anamwaga, ya pili anamwaga. "Huwezi kuleta vumbi kwenye nyumba ya mgonjwa," akaniambia. Halafu akaushika mdomo.

Basi neno hilo umelipata kwa Shangazi, si kwangu.

Na mwenyewe alishaanza kuumwaga. Ulilala juu ya majani kama uji. Niligusa mpira kwa fimbo, ukaenda hatua moja, ukakwama, ukabaki umesimama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Nilitaka kulia. Nikasikia sauti dirishani. Baba alikuwa anacheka, Kaka. Anacheka mpaka anashika ubavu. "Dada," anamwambia Shangazi, "umeliogesha jangwa." Shangazi naye, "Na wewe nitakuogesha, nyamaza." Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka jana.

Alituambia tuukusanye wote, tuuanike. Tumeutandaza juu ya vitambaa vya sare vya Mama, uwanja mzima una mchanga uliolala kama wagonjwa wodini. Lakini mawingu hayaondoki. Kila asubuhi Baba anauliza, "Umekauka?" Kila asubuhi nauchota, unashikana. Na kila asubuhi swali lake linatoka polepole zaidi.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Siku ya vipimo vya kwanza, mwezi Januari, daktari alizungumza kwa ile lugha nyingine. Mama haisikii vizuri. Akanigeukia: "Anasemaje?" Nilielewa kila neno, miaka yote hiyo ya shule na ndiyo siku iliyonifaa. Nikasema, "Anasema apumzike." Mama akashukuru. Ndilo neno hilohilo analokuambia kwenye simu, Kaka, hakudanganyi, mimi ndiye niliyempa. Baba alikuwa amekaa katikati yetu. Miaka yote ya klabu alikuwa akiisikia lugha ile nyuma ya migongo ya wachezaji. Alielewa kabla yangu. Aliuchukua mkono wangu chini ya meza akaubana, basi, tukarudi nyumbani.

Nilikuwa nataka kukuuliza kama kuna kijazio ambacho mtu akiangukia haumii. Usijibu hilo.

Ulitaka neno moja. Njoo.

Kimya


11 Julai

Kimya,

Nimelipata neno lako.

Nimeomba ruhusa. Mashindano ni mwanzo wa Agosti, bosi anasema nikikabidhi uwanja niondoke hata siku hiyohiyo. Nitakuja. Mwambie wa dukani anakuja mwenyewe.

Ningeweza kuondoka leo nikiacha kazi. Nataka ujue nimelifikiria. Kisha nikajiona nasimama mlangoni kwake, ananishika mkono, anaangalia kucha, na siwezi kupita hapo, Kimya, miguu inagoma hata nikiwa nimekaa. Nikipata muda kidogo nitazoea.

Usibadilishe kijazio. Mchanga ukiwa mkavu kabisa mwageni kidogo kidogo, brashi, tena kidogo, brashi. Msiwe na haraka.

Kaka yako


29 Julai

Kaka,

Shikamoo kutoka kwetu wote, na hii ya leo ni ya Baba pia, yaani kasema "msalimie". Mara ya kwanza.

Jua lilitoka. Mchanga ulikauka, tukaumwaga kama ulivyosema, kidogo na brashi, kidogo na brashi, Mama anaimba, Shangazi anakohoa kwa makusudi kila vumbi likipanda. Zimebaki ncha tu, ndevu za juzi. Nilijaribu kuutelezesha mpira kwa mkono pembeni kabisa, ukaondoka kana kwamba umeitwa.

Baba kashachagua pa kukata shimo. Niliposikia nilidhani amechanganyikiwa, maana si katikati, wala si karibu na dirisha lake. Ni upande wa geti dogo la nyuma, lile ulilokuwa ukipitia ukichelewa ili usikutane naye sebuleni. Nikasema, Baba, huku ni mbali na kiti chako. Akasema, "Liwe mahali ambapo mtu akiingia kwa geti lile anaweza kugonga bila kupita ndani ya nyumba kwanza. Wengine huwa wanaona aibu kupita ndani." Honi kalikata hapohapo.

Jana nilimsukuma mpaka katikati. Akavua kandambili, akashusha miguu kwenye nyasi. Akapitisha kisigino, mbele, nyuma. Nikangoja lile neno la maiti. Akasema, "Haili udongo. Lakini imelazwa na mtu mwenye mkono."

Nikampa fimbo fupi na mpira. Kaka, nilikuwa nimengoja tangu Februari. Mama alikuwa mlangoni kashika kinywa. Baba akaushika mpira, akauzungusha, akautia mfukoni mwa koti.

"Gonga basi, Baba."

"Aliyetengeneza ndiye anagonga wa kwanza," akasema. "Kwani umesahau sheria? Fundi hajafika."

Amekuita fundi. Mpira uko mfukoni mwake, analala na koti. Tangu jana kila lango likilia anageuka.

Usizoee. Njoo hivyohivyo na kucha zako. Honi anapita leo, namwambia akuwekee mkononi.

Kimya


1 Septemba

Kimya,

Sijui nianze na salamu gani.

Barua yako ya tarehe ishirini na tisa nimeikuta chini ya mlango wangu niliporudi kutoka mazikoni. Honi alinikosa. Nilikuwa kwenye basi tayari, baada ya simu ya Shangazi, na barua ilikuwa hapa inanisubiri chumbani wakati mimi niko huko kwenu nikibeba viti vya wageni.

Uwanja niliukabidhi. Watu walipiga makofi.

Nilipofika nyumbani nilipita mlango wa mbele, na watu wote. Nikachungulia kwa dirisha lake nikaiona grini, safi, nzuri, sijawahi kuona kazi ya Honi imetulia vile. Nikamwuliza Shangazi, "Aligonga?" Akasema, "Hakutaka." Alikuwa analia, sikumwuliza zaidi. Nikasema moyoni, basi, kakataa mpaka mwisho. Hakutaka kugonga juu ya maiti yangu. Ndiyo maana sikupita nyuma ya nyumba, siku zote zile sikukanyaga. Ndiyo maana niliondoka alfajiri bila kukuaga.

Ulikuwa unanitazama, Kimya. Ulifungua mdomo jikoni, ukafungua tena pale kaburini. Nilidhani unataka kunilaumu, nikawa nageukia pembeni.

Nimeisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. "Fundi hajafika." Niambie, alisubiri mpaka lini?

Piga brashi grini kila wiki. Mchanga usipopigwa brashi unakaza. Ndilo ninaloweza kukuambia, ni kazi ninayoijua.

Kaka yako


19 Septemba

Kaka,

Shikamoo. Mama anajitahidi. Nimemwambia alichosema daktari, lote, kwa lugha yetu. Akasema alijua, ila alipenda nilivyolisema lile la kupumzika. Shangazi bado yupo. Haoshi sana. Jana aliacha kikombe mezani mpaka jioni, ndipo nikaogopa kweli.

Jikoni nilitaka kukuambia. Maneno nilikuwa nayo, niliyaandika kwa mkono wangu, nilidhani umeshayasoma na bado unageuka pembeni. Nikadhani umekasirika kwa sababu nilikuita na mtu akafa hata hivyo. Na nilipojua kwa Honi kwamba barua hukuipata, ulikuwa umeshapanda basi. Ningekupigia simu. Nilipiga. Ulisema "haloo, haloo".

Umeuliza alisubiri mpaka lini. Asubuhi ile ya mwisho aliniambia nimsukume nje. Alikaa kidogo akielekea geti. Akasema ana baridi, turudi ndani. Nikamrudisha. Hakusema neno kubwa, Kaka, watu wanangoja neno kubwa, alisema tu nisisahau kufunga bomba.

Mpira niliutoa mfukoni mwa koti kabla Shangazi hajalifua. Uko juu ya kizingiti cha dirisha.

Brashi sijapiga. Nimekaidi. Ile mistari miwili ya magurudumu bado ipo, tangu kwenye mlango wa jikoni, inapita katikati, inageukia karibu na shimo, inarudi. Paka na watoto wake tunawafukuza. Hakuna aliyekanyaga, hata Mama akianika nguo anazunguka ukutani. Tunamngoja anayegonga wa kwanza.

Geti dogo halifungwi siku hizi. Mpira na fimbo nitaviweka hapo nje, juu ya tofali, huna haja ya kupita ndani kwanza wala kuzungumza na mtu. Mimi nitakuwa dirishani, na mimi si wa kuzungumza.

Ila ujue hili, maana zulia hukulitandika wewe mwenyewe. Kutoka getini mpira unakata mstari wa gurudumu la kushoto kabla tu ya shimo, na hapo unapinda kwenda kulia, kuelekea kilipokuwa kiti. Usiufute. Lenga kushoto kidogo.

Kimya